Mita Niliyomfungia Mama Somoe

Nyinyi vijana mkinisikia nikijitambulisha kuwa nilikuwa fundi wa mashine za boti hapa Newala, kwanza mnaangaliana, kisha mnacheka. Siwalaumu. Mji wenyewe uko juu kabisa, maji ya kunywa tu yanatutoa jasho kuyapata, halafu mzee mzima anakwambia amelea watoto wanne kwa kutengeneza mashine za kusukuma boti. Chekeni mpaka mtosheke, kisha mkae niwaeleze, kwa sababu katika kazi hiyo nilifanya kosa moja ambalo mpaka leo mke wangu, Mama Asha, akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hulitaja, nami hunyamaza.

Sikuanza na boti. Nilianza Masasi mjini, kwenye karakana ya mashine za kusaga, upande ule ambao majabali yanaanza. Mwalimu wangu aliitwa Fundi Lipende, mtu mfupi, mkali, mwenye mikono mikubwa kana kwamba ameiazima kwa mtu mwingine. Ilikuwa miaka ile ambayo spea zilikuwa hazipatikani hata ungejuana na nani. Gasketi tulizikata kwenye maboksi ya sabuni, springi tulizikunja kwa waya wa baiskeli, na ukimwambia Fundi Lipende kwamba kitu fulani hakipo dukani, anakuuliza kama hiyo mikono ulipewa kwa ajili ya kulia ugali tu.

Wiki yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa spana. Alinipa kijiti cha mpingo, ncha moja niiweke kwenye mwili wa mashine, ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nisikilize. Jioni ananiuliza leo mashine imesema nini. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka na ule mchezo, nikamjibu imesema ina njaa. Alinitoa nje nikafagie uwanja. Kumbe nilikuwa nimebahatisha: chujio lilikuwa limeziba, mafuta hayafiki, na mashine ilikuwa na njaa kwelikweli. Aligundua jioni ileile, akaniita ndani, akanipa ndizi moja. Kwa Fundi Lipende ile ndizi ilikuwa ni cheti.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Nyinyi mmekuta maduka yamejaa, kwa hiyo hamwezi kujua ilivyokuwa kwetu kuingia soko la Masasi na kukuta redio, betri, nguo za mitumba na baiskeli mpya vimepangwa chini kama mihogo. Ng'ambo ya Ruvuma nako vita vilikuwa vimetulia, watu wanarudi kwao, wengine wanakuja huku kutafuta chumvi na sabuni, na wa huku wanakwenda kule kutafuta samaki wakavu na mahindi. Mtumbwi wa kasia haukutosha tena. Waliojiweza wakaanza kununua mashine za boti zilizotumika, zinazotoka nje kupitia Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja aliyejua kuzifungua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuonja injini za kila aina. Nikahamia Newala, nikafungua karakana nyuma ya nyumba, kwa sababu umeme ulikuwa juu na mto uko chini bondeni, na mashine zilinifuata kwa pikapu.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza, na hili liandikeni popote mnapoandika. Mashine ya boti hupozwa na maji ya mto wenyewe. Ndani yake, chini karibu na propela, kuna kafeni kadogo ka mpira kanakovuta maji na kuyapandisha juu, na maji yakishazunguka yanatoka pembeni kwa uzi mwembamba. Mafundi husema mashine inakojoa. Isipokojoa, zima hapohapo. Ule mpira ukizunguka mkavu hata kwa muda mfupi unaungua.

Nilikuwa nalijua hilo vizuri siku niliyoiunguza mashine ya kwanza. Lakini ilikuwa Oktoba. Anayeijua Newala ya Oktoba ya wakati ule anaelewa. Visima vya kuvunia mvua vimebaki tope, wanawake wanaondoka alfajiri kwenda kutafuta maji bondeni, na mgeni akipewa kikombe cha maji anashukuru kwa mikono miwili. Nitamwambiaje mteja aniletee pipa zima la maji nikalichezee? Niliona aibu. Nikajidanganya kwamba nikiiwasha kidogo tu, niisikie sauti, niizime, haitadhurika. Harufu ya mpira ulioungua ilikaa kwenye shati langu siku tatu, na mwenye mashine alinitazama kwa huruma, ambayo ilinichoma zaidi kuliko matusi.

Tangu siku ile niliweka utaratibu. Anayeleta mashine ya boti analeta na maji ya kuijaribia. Pipa linajazwa, mashine inafungwa kwenye ubao ukingoni, inaingizwa mguu majini, ndipo inawashwa. Maji yale yakishaingia mafuta hayanyweki wala hayafai kufulia, kwa hiyo tukayageuza ya matofali. Mtaa wetu ulizoea kwamba siku ya kuwasha mashine ya boti ndiyo siku ya kufyatua. Jiko la nje la Mama Asha lilisimama kwa maji ya namna hiyo, na akiwa na hasira anasema hata ugali wake unanuka petroli.

Nimewapeleka mbali. Nilitaka kusema habari za Mama Somoe.

Mama Somoe alikuwa mjane wa upande wa Mkunya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo bila kushuka botini. Baada ya kufiwa na mumewe alirudi kwa kaka yake, Hassani, akawa anapalilia mikorosho ya kaka na kula chakula cha kaka. Kidogokidogo akaotesha mikorosho yake mwenyewe kwenye kipande alichoachiwa na mama yao, akavumilia misimu kadhaa, na korosho zilipoanza kupata wanunuzi wa kila namna, akauza, akaweka, akanunua mashine ya boti ya nguvu za farasi arobaini. Mbao za boti alitoa Hassani. Wanaume wa bondeni walicheka kwamba mwanamke ataipindua boti wiki ya kwanza. Hakuipindua. Misimu miwili ilipita, na abiria wakawa wanaiacha mitumbwi ya wengine wanamsubiri yeye.

Hassani hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo mapema. Kwetu, kaka wa mwanamke ana sauti kubwa katika mambo ya dada yake na watoto wake. Ndiye mjomba, ndiye anayeitwa kwenye kila shauri. Watu wote walimwita Mjomba Hassani, hata sisi tuliolingana naye. Alikuwa mwangalifu mno, mtu wa kuangalia mawingu hata wakati wa kiangazi.

Mimi nilikuwa nimepatwa na ugonjwa wa zama zile. Nilipenda mita. Kila kitu kilichokuja wakati ule kilikuwa na kioo na mshale, nami niliyesomeshwa kwa kijiti cha mpingo niliona sasa ufundi umefika. Siku moja Masasi nilikuta gunia la mita zilizong'olewa kwenye boti za nje, nikachagua moja nzuri, kioo hakina hata mkwaruzo. Ilikuwa mita ya mizunguko, ambayo wengine wanaiita takometa. Inakuonyesha mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mama Somoe alipoleta mashine yake kusafishwa, niliifunga mita ile kwenye boti yake bila yeye kuniomba. Nilimwambia ni zawadi. Ukweli ni kwamba nilitaka watu wa ng'ambo zote mbili waione kazi yangu.

Tukaijaribu mtoni. Mashine ya aina ile ikifunguliwa gesi yote, yaani mwendo wake wa mwisho, inatakiwa kupita mizunguko elfu tano. Mshale ulipanda mpaka elfu mbili na mia tano ukagoma hapo. Nilikunja uso kama daktari. Boti ilikuwa inakwenda, upepo unanipiga usoni, maji yanaruka nyuma, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Tulipofika ukingoni nilimvuta pembeni Hassani, aliyekuwa akitusubiri, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mashine imebaki nusu.

Neno likitoka kwa fundi halihitaji miguu. Kabla ya wiki kwisha bonde zima lilijua mashine ya Mama Somoe ni mgonjwa. Abiria wengine wakaanza kuogopa itazimika katikati, penye viboko. Wale waliokuwa wamecheka mwanzo wakapata la kusema tena. Hassani akahangaika, akaona afadhali iuzwe ingali inaunguruma, na mwisho wa mwezi akawa amempata mnunuzi wa kutoka Masasi aliyetaka kuifumua auze vipande vyake. Wakapatana aje kuichukua Jumamosi.

Jumatano Mama Somoe alipanda juu kwa pikapu na mashine yake, pamoja na betri na ile mita. Hakukaa alipokaribishwa.

"Baba Asha, kaka kanipa mpaka Jumamosi," alisema. "Mashine ikirudisha nguvu inabaki. Isiporudisha inapakiwa, na mie narudi kwenye jembe la mikorosho yake."

Nikamwambia nitajitahidi. Akaongeza kwamba yeye, kusema kweli, hizo nguvu zilizopungua hakuziona. Wimbo wa kuvukia ulikuwa bado unaishia palepale.

Hapa inabidi niwaeleze. Wanawake waliovuka na Mama Somoe walikuwa na wimbo wao wa Chimakonde, kuhusu mama mkwe mchoyo anayemficha mke wa mwanawe vitu vya jikoni. Kila ubeti unataja kitu kimoja: amenificha chumvi, amenificha ungo, amenificha mwiko, hivyo hivyo mpaka amenificha kinu, ambacho hakifichiki, na hapo wote wanacheka. Waliuanza boti ikiondoka. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba, walifika kwenye kinu wakati boti inagusa mchanga wa upande wa pili. Kiangazi kilichopita kilikuwa kinu. Mwaka ule pia, hata baada ya mita yangu kusema nusu, ilikuwa kinu.

Nilimtabasamulia kama mtu anavyomtabasamulia mtoto aliyesema mwezi unamfuata. Nikamweleza kwa upole kwamba nyimbo si kipimo. Yeye akanitazama, akasema haya, akaenda kukaa kivulini.

Kazi niliyoifanya Jumatano na Alhamisi sijapata kuifanya tena. Nilifungua plagi, safi. Nikafungua kabureta, nikaisafisha sindano kwa sindano, ingawa haikuwa chafu. Nikapima mgandamizo wa kila silinda kwa kidole gumba, jinsi Fundi Lipende alivyonifundisha, na kidole kilirushwa sawasawa kote. Nikang'oa gurudumu la juu, lile lenye sumaku, nikazikagua koili zote. Hakuna kilichokosekana. Kila nilichokikuta kizima kilinitia hofu zaidi, kwa sababu nilikuwa natafuta ugonjwa na mgonjwa haonyeshi hata kikohozi. Mita sikuigusa. Mita nilikuwa nimeifunga mimi.

Ijumaa baada ya swala, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikasema tuiwashe. Hapo tukakumbuka maji. Mama Somoe alitoka. Baada ya kitambo akarudi na wanawake tisa nyuma yake, wengi wao abiria wake wanaokaa juu, kila mmoja na ndoo kichwani. Yalikuwa maji ya kupikia ya majumbani mwao. Walimimina moja baada ya nyingine mpaka pipa likajaa, wakakaa kwenye kingo za baraza kusubiri. Nimewahi kujaribu mashine mbele ya matajiri na mbele ya maofisa, sikupata kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya zile ndoo tupu.

Nikaunga betri, nikaunga mita, nikavuta kamba. Ikawaka mara ya kwanza, ikakojoa vizuri, ikatulia ikiunguruma taratibu. Mmoja wa wale wanawake akatania kwamba Baba Asha sasa atatuvusha kwa pipa, na mwingine akauanzisha wimbo wa mama mkwe, wakaupokea wote. Mimi nilikuwa nimeukodolea mshale. Ulikuwa umesimama kwenye mia nne.

Mia nne. Nikatazama mashine. Ilikuwa imetulia tuli, haitetemeki, haikwami. Vijana, hakuna mashine ya boti ya namna ile inayoweza kuzunguka mara mia nne kwa dakika ikabaki hai. Ikishuka hapo inapiga chafya mbili inakata roho. Ikitulia inatakiwa iwe kwenye mia nane hivi. Na mia nne ni nusu ya mia nane. Na elfu mbili na mia tano ni nusu ya elfu tano. Ugonjwa wa mashine huwa unaonea upande mmoja: utaikuta nzuri ikiwa taratibu na mbaya ikikazwa, au kinyume chake. Haugawi nusu kwa nusu kila mahali kama mjomba anayegawa nyama. Anayegawa hivyo ni mtu wa hesabu, na hapo mtu wa hesabu alikuwa mmoja tu, yule mwenye kioo, mita yangu. Nikaizima mashine, na wimbo ukakatika.

Basi mkija kukutana na mita ya mizunguko inayosema mambo msiyoyaamini, fanyeni nilivyofanya jioni ile, na mfanye mapema kuliko mimi. Anzeni na betri: vichwa vyake viwe safi na vimekazwa, na kamwe msiiondoe betri wakati mashine inaunguruma, mtaunguza kifaa cha kuchajia na mita itakufa nayo. Kisha waya mweusi wa ardhi, fuateni mpaka unapoishia, kwangueni kutu. Kisha ule waya mmoja unaoleta habari kutoka kwenye koili za kuchajia. Ukiwa umelegea mshale unarukaruka. Mshale ukifa kabisa, mara nyingi kifaa cha kuchajia ndicho kimekufa. Lakini mshale ukiwa umetulia, haurukiruki, na bado unasema uongo uleule kila siku, geuzeni mita muitazame mgongo.

Mimi nilikuwa sijaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na kitundu, ndani yake kitufe cha kuzungusha kwa bisibisi ndogo, kimezungukwa na namba: nne, sita, nane, kumi na mbili. Mita inahesabu mapigo yanayotoka kwenye sumaku, kwa hiyo ni lazima uiambie kwanza sumaku za mashine yako zina ncha ngapi. Jana yake nilikuwa nimezihesabu kwa macho yangu nilipong'oa lile gurudumu. Zilikuwa sita. Kitufe kilikuwa kwenye kumi na mbili. Mita ilikuwa bado iko kwenye boti yake ya zamani, huko ilikotoka, inagawa kwa hesabu ya huko.

Nikakizungusha mpaka sita, nikawasha. Mshale ukapanda polepole ukasimama mia nane. Wanawake wakaniuliza kama imepona. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, na Mama Somoe akafunika uso kwa ncha ya kanga. Kisha wakachukua ndoo zao wakaenda, na mafundi wa matofali wakaja kuchukua maji.

Ndipo akili ikanirudi. Hakuna aliyeona nilichokigusa. Ningeweza kuteremka bondeni kesho nikiwa shujaa, fundi aliyeifufua mashine kwa siku tatu. Kila mtu angefurahi, mashine ingebaki kwa mwenyewe, na mimi ningekula kuku. Wakati wa chakula cha jioni nilimweleza Mama Asha yote, nikamwambia na mpango wangu, nikijua atausifu kwa sababu haumdhuru mtu.

Mama Asha alimaliza tonge lake kwanza.

"Ukisema umeiponya, umesema ilikuwa mgonjwa," akaniambia. "Mwakani ikikohoa mara moja tu, kaka yake ataiuza, na hutakuwa na siku tatu."

Nikanawa mikono, nikatoka kwenda kuifunika mashine.

Jumamosi tulishuka na mashine asubuhi. Mnunuzi alikuwa amekwisha kufika, bwana mnene mchangamfu mwenye kofia ya mkeka, pikapu yake ameigeuza kabisa tayari kupakia. Hassani alikuwa amevaa kanzu, maana aliichukua siku ile kama ya msiba mdogo. Abiria wamejaa ukingoni na magunia yao. Tuliifunga mashine na mita kwenye boti, tukapanda mimi, Hassani, mnunuzi, na Mama Somoe kwenye usukani. Alipofungua gesi yote mshale ulipita elfu tano. Hassani aliuangalia, akaniangalia, akanishika bega. Tuliporudi ukingoni alisimama ndani ya boti akawatangazia watu kwa furaha kwamba Fundi kaiponya.

Nikapiga moyo konde. Nilisimama mbele ya Hassani, nikamwambia sijaponya kitu. Mashine haijapata kuumwa hata siku moja. Mita niliyoifunga mimi, bila kuombwa, nilikuwa sijaipanga, ikawa inasema nusu, nami nikaiamini. Nilimweleza habari za kitufe, za sumaku, za mia nne na mia nane. Nilimwambia wimbo wa akina mama ulikuwa umepima sawasawa tangu mwanzo. Nikamwomba radhi yeye kwa usumbufu, nikamwomba radhi na mnunuzi kwa safari yake.

Mnunuzi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mtu. Alisema yeye amenunua mashine nyingi zilizouawa na mafundi, lakini hii ndiyo ya kwanza kufufuliwa na mama mkwe. Abiria wakaangua kicheko, na mwanamke mmoja akataja kinu, kikazidi. Hassani hakucheka mara moja. Alikuwa anahesabu kichwani mwezi mzima wa wasiwasi. Mwisho naye akashindwa, mabega yakaanza kutikisika ndani ya kanzu, akasema basi yameisha, Fundi amesamehewa.

Nikainama kuokota mfuko wangu wa spana, nikidhani shughuli imekwisha. Mama Somoe alikuwa bado yuko kwenye usukani, mkono juu ya mashine, hajacheka.

"Baba Asha," aliniita, wala hakupaza ile sauti yake. "Mbona unamwomba radhi kaka yangu?"

Sikumwelewa.

"Siku ile ulimvuta kaka pembeni ukamwambia yeye. Leo umesimama mbele yake umemwambia yeye. Kaka kakusamehe. Mashine ya nani?"

Nilimtazama Hassani, na Hassani akatazama maji. Nikakumbuka mambo yote ya mwezi ule, na kwa kweli sikupata hata neno moja kuhusu mashine ile nililolipeleka kwanza kwa mwenyewe. Aliponiambia la wimbo nilimtabasamulia. Nilikuwa na umri wa kuwa na watoto wakubwa, na uso ulinipata moto kama wa mwanafunzi.

Niliuweka mfuko chini. Nikamgeukia, nikavua kofia, nikasema, "Mashine ni yako, Mama Somoe. Nilikukosea wewe. Nisamehe."

Alinitazama mpaka akaridhika.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa shuka, nina abiria."

Nikashuka na viatu vyangu, maji yakanifika magotini, na Hassani akakunja kanzu akaja upande wangu tukaisukuma boti pamoja.